Onyo la Mara Moja

Mashine ya dada yangu ya kutotolesha vifaranga, pale Chapwa, ilikuwa na tabia ya kufa mchana kweupe. Skrini inaganda, taa za kupashia joto zinazimika, kisha king'ora kinalia mpaka mtu aje kuizima na kuiwasha upya. Ikilia, dada anaacha mwiko kwenye sufuria anakimbia. Jirani yake alikuwa akimtania kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mama mkwe anakuita huko!" Na dada anajibu hukohuko mbioni, "Afadhali mama mkwe, yeye huwa analala!"

Nilimkuta katika mbio hizo niliporudi nyumbani baada ya miaka kumi na tisa ya kutangatanga. Sikuwa nimerudi na kitu. Nilikuwa na begi, elimu yangu ya kidato cha nne, na kazi moja niliyoijua vizuri. Kazi hiyo nilifundishwa Kitwe, kwenye karakana ya fundi mmoja Mzambia ambaye sote tulimwita bashikulu, yaani babu, ingawa hakuwa mzee kihivyo. Alitengeneza kompyuta ndogo za kuendesha pampu na majokofu. Yeye ndiye aliyenikalisha chini nisome kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, inayoongea na vyuma vyenyewe. Nilisoma mistari yake kama wengine wanavyosoma Zaburi, polepole na bila kuelewa yote. Mpaka leo nikinusa risasi ya kulehemu nyaya, naikumbuka karakana ile na mvua juu ya bati lake.

Bashikulu alinifundisha kwamba ndani ya kerneli kosa lina njia mbili za kusemwa. Njia ya kwanza ni kusimamisha kila kitu. Mashine imekutana na jambo lisilowezekana, haijui tena kipi ni kweli, basi inajiua kuliko kuendelea kuharibu. Njia ya pili ni onyo. Inaandika mistari kadhaa kwenye kumbukumbu zake, kisha inaendelea na kazi. Siku hizi wakubwa wa kazi hii hawapendi kabisa ile njia ya kwanza. Wanasema usiue mashine ya watu, toa onyo, halafu irudishe kwenye hali salama. Watu wengi husikia nusu ya kwanza ya maneno hayo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Wiki ya pili dada aliniambia, "Mdogo wangu, wewe si ndiye fundi? Hii kelele itanitoa roho. Na wenzangu nao wanaogopa."

Wenzake walikuwa akina mama wa kijiji cha Ruanda na vijiji vya jirani, wanaolima kahawa na mahindi. Walimletea mayai ya kuku wa kienyeji kwa trei, kila mmoja ameweka alama yake kwa penseli ya mtoto: msalaba, duara, mistari miwili. Baada ya siku ishirini na moja walirudi na maboksi kuchukua vifaranga, na dada alibaki na kimoja katika kila vitano. Kuku wao wa kuatamia walikuwa wamekwisha kuwauza au kuwachinja. Kwa nini ufuge kuku anayelala wiki tatu bila kutaga, wakati pale mjini kuna mashine? Kwa hiyo mashine ile ikishindwa, si dada peke yake aliyeshindwa. Kulikuwa na nyumba nyingi ambazo hazikuwa tena na njia nyingine ya kupata kuku.

Niliifungua. Niliona upesi kwamba kinachoiua ni programu ndogo inayosoma kipimajoto. Mara mojamoja ilipokea namba isiyowezekana, digrii mia nane, digrii chini ya sifuri, na aliyeiandika alikuwa ameagiza: ukiona hivyo, simama. Fundi mwenye subira angejiuliza namba hizo zinatoka wapi. Angefuata waya wa kipimajoto mpaka ndani ya sanduku la mayai, na angekuta kiungo chake kimeoza kwa unyevu. Mimi nilibadili mstari mmoja. Badala ya kusimama, itoe onyo na iendelee kutumia joto la mwisho ililolisoma. Na ili maonyo yasijaze kumbukumbu, nikachagua lile la aina ya kuonya mara moja tu. Likishasemwa, halisemwi tena mpaka mashine izimwe.

Mashine ikatulia. Jirani akauliza mama mkwe amekufa lini. Dada alicheka siku hiyo kama alivyokuwa akicheka tulipokuwa wadogo.

Alikuwa na desturi ya kufungua mlango wa sanduku asubuhi, kutoa yai moja na kuligusisha kwenye kope la jicho lake ili asikie joto. Nikamwambia aache, anapoteza unyevu, na skrini inamwonyesha kila kitu. Akaacha. Siku ya kumi na mbili tangu mayai ya awamu ile yaingie, miguu ikaanza kuniwasha. Kukaa mahali sijui. Nilivuka mpaka wa Zambia nikapanda lori la shaba lililokuwa likirudi Kitwe, nikasema naenda kumsalimu bashikulu.

Kesho yake dada alinipigia.

"Mashine imeandika maneno."

"Maneno gani?"

"Kizungu kitupu, mistari imejaa skrini. Halafu imerudi kama kawaida."

"King'ora kimelia?"

"Hakijalia."

"Joto linasoma ngapi?"

"Thelathini na saba nukta mbili."

"Basi iko sawa, dada. Ikiendelea, achana nayo."

"Haya. Na chumba kimekuwa na joto zuri, baridi hii ya kwetu siisikii kabisa nikiingia."

Hata hilo halikunishtua. Nilikuwa kibandani nakula, na mbele yangu kulikuwa na barabara.

Nilirudi siku ya nne tangu niondoke. Nilipofungua lango nilinusa uvundo, na dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha mashine, mikono mapajani. Skrini bado ilisema thelathini na saba nukta mbili. Ilikuwa inasema hivyo tangu siku niliyopigiwa simu, bila kupanda wala kushuka hata nukta, na kwa kuwa namba hiyo ilikuwa chini kidogo ya ile inayotakiwa, taa ziliwaka mfululizo. Niliweka kiganja ndani ya sanduku nikakitoa haraka, kunaunguza. Dada alipasua yai moja kwenye sahani. Kifaranga kilikuwa na manyoya tayari, kimekufa. Akapasua la pili, la tatu, kisha nikamshika mkono.

"Niwaambie umeme ulikatika?" akauliza. Wangeamini. Hapa kwetu hakuna anayebisha kuhusu umeme.

"Si umeme. Ni mimi."

"Basi utawaambia wewe. Mimi maneno ya kuelezea hilo sina."

Aliwaita kwa simu, na kesho yake asubuhi walikuja na maboksi, maana hakuweza kulisema kwenye simu. Nikasimama uani nikaeleza: waya, namba mbaya, mstari nilioubadili. Walisikiliza kama watu walio msibani. Mama mmoja mtu mzima, mwenye alama ya mistari miwili, akauliza:

"Kwa hiyo mashine ilijua imekosea?"

"Ilijua, mama."

"Ikasema?"

"Ilisema mara moja."

"Mbona mara moja? Hata mtoto akiungua halii mara moja."

"Mimi ndiye niliyeiamuru hivyo."

Hakunitukana. Aligeuka kwa mwenzake akasema kwa Kinyiha, taratibu, na mwenzake akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza tena kwa Kiswahili, "Sasa kuku wa kuatamia tutampata wapi? Wangu nilimchinja Pasaka."

Dada alitoa trei, na kila mama akachagua mayai yenye alama yake akayapanga ndani ya boksi alilolileta, kwa uangalifu uleule kana kwamba yalikuwa mazima. Kwao kuna nguruwe, hayatatupwa. Waliondoka wawili wawili kuelekea barabarani. Dada aliwasindikiza mpaka langoni, akarudi, akaingia chumbani na ndoo ya maji na sabuni, akafunga mlango kwa ndani. Nilibisha hodi nimsaidie kuosha.

"Acha," akasema. "We nenda tu huko unakoendaga."