Jogoo Aliyerudi kutoka Irumu

Mbwa huyu aligharimu kuku mmoja ambaye hakuwa wangu, jogoo mmoja aliyekuwa wangu, kilo mbili za chumvi, sanduku la mbao ambalo hajalala ndani yake hata siku moja, na safari mbili za pikipiki mpaka Irumu, kwenda na kurudi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau jogoo, kwa sababu tulimla, na kitu kilichopita mdomoni mwangu huwa sikiiti hasara.

Mimi nauza samaki wakavu hapa Bunia. Wanapanda kutoka Kasenyi, kule ziwani, ndani ya vitunga, nami nawapokea kwa kubishana. Nabishana bei ya samaki, bei ya kuwabeba, na bei ya mfuko wa kuwatilia. Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema ili mjue kosa langu lilitoka wapi.

Mama yangu alikuja kwangu kwa ajili ya macho. Madaktari walimpasua jicho moja, kisha la pili, macho yakapona, na yeye akabaki bila mtu yeyote kumwambia abaki. Watoto wangu wote wana nyumba zao, kila mmoja na mji wake. Kabla mama hajaja nilikuwa napika fufu, ndiyo ugali wetu, ya mtu mmoja, na aliyewahi kusonga fufu ya mtu mmoja anajua haisongeki: unga unakuwa kidogo mno, mwiko unazunguka bure, sufuria ndiyo inayoshiba. Fufu inataka watu wawili kwenda juu. Hilo sikumwambia mama. Nilimwambia kwamba kijijini dawa ya macho haipatikani.

Kisha wezi wakapita kwenye pengo la uzio wetu. Walichukua kuku watatu na sufuria kubwa. Walimwacha kuku mmoja tu, yule wa mama, kwa sababu alikuwa na desturi ya kulala na kutagia chini ya kitanda cha mama. Asubuhi nilimkuta mama ameketi mlangoni, mfuko wake uko miguuni, vikwembe vyake, vitenge vya kujifunga, vimeshakunjwa ndani.

"Naenda kwangu," akasema. "Huku wezi wanaingia kama vile ni kwao. Kule iko imbwa. Mutu akikohola tu ku barabara, imbwa imeshajua."

"Mama, nyumba yako ya kule inavuja."

"Maji haiibake kuku."

Nikauliza: "Nikitafuta imbwa?"

Akaniangalia kwa yale macho yake mapya. "Weye? Weye mwenye ulikataa kununua paka juu panya zilikuwa bado kidogo?"

"Nikileta imbwa, utabaki?"

"Nitabaki mpaka itazoea nyumba. Kisha nitaenda."

Hapo ndipo ningepaswa kubishana, na hapo ndipo niliponyamaza. Nikakubali mkataba bila kuuliza kuzoea nyumba ni siku ngapi. Niliona tu mkono wake ukiusukuma ule mfuko nyuma ya mlango, na hiyo ikanitosha.

Sikuwa nimefuga mbwa maishani mwangu. Nilianza na yale ninayoyaelewa. Nikaziba pengo la uzio kwa bati la zamani. Nikatenga sahani moja iliyochubuka, nikatafuta kamba laini isiyokata shingo, nikamuuliza daktari wa mifugo lini nimlete kwa sindano ya kichaa cha mbwa. Kisha nikaenda kwa fundi wa mbao, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, nikamwambia anitengenezee sanduku lenye paa, lenye mlango, sakafu iliyoinuka kidogo ili baridi isipande.

"Mama," fundi akasema, penseli ikiwa sikioni, "hata mimi sijalalaka mu kitu ya namna hii. Imbwa yako iko na cheo gani?"

"Iko na cheo ya kunipunguzia bei."

Alipunguza. Alipunguza pia mbao, kama nilivyogundua baadaye, lakini hiyo ni haki yake.

Mteja wangu mmoja aliniambia kwamba huko Irumu yuko mama mmoja mfugaji wa ng'ombe ambaye mbwa wake amezaa watoto wanne, na kwamba hataki pesa, anataka kuku tu. Nilifurahi. Nikaenda sokoni. Siku ile majogoo walikuwa wa bei nafuu kuliko kuku majike, basi nikanunua jogoo, nikapanda pikipiki.

Yule mama alinipokea vizuri, akanipa maziwa, akanipeleka nyuma ya jiko walikokuwa watoto wa mbwa. Nilimwinua mmoja, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na moja limelala. Nilimpima kwa mkono kama ninavyompima samaki. Na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukaanza kazi yake.

"Huyu tumbo iko mukubwa. Iko na minyoo."

"Iko na maziwa," mwenye mbwa akasema.

"Na hii sikio inalala."

"Itaamuka."

"Sasa bei ya mwisho?"

"Bei hakuna. Ni kuku yenye inatagaka, na kilo moja ya chumvi ya kulambisha ng'ombe yangu. Nyumba yangu inatoa kitu yenye itazaa, inapashwa kuingiza kitu yenye inazaa. Baba yangu alifanyaka vile."

"Niko na jogoo. Angalia vile iko na nyama. Na chumvi, tuseme nusu kilo. Na matabisi yangu?"

Matabisi ni ile nyongeza ambayo muuzaji anamtupia mnunuzi juu ya kipimo, samaki mdogo mmoja, kiganja cha unga. Mimi naiomba kila mahali. Naiomba hata kwa muuza dawa.

Mama yule alicheka mpaka akajifuta macho. "Matabisi ya imbwa! Nikuongezee mukia ya pili?" Kisha akaacha kucheka. Akamtoa yule mbwa mikononi mwangu, polepole, akamrudisha kwa mama yake. "Sikiliza, mama. Imbwa haipunguziwake bei. Ukipunguza bei yake, haitalala kwako. Itatoka, itatafuta njia ya kurudi huku, itakufia mu barabara. Sikupatie."

"Nilikuwa nacheza tu."

"Imbwa haijue kama unacheza."

Nikarudi Bunia na jogoo wangu mapajani. Tulipofika karibu na nyumbani, dereva wa pikipiki, aliyekuwa amejizuia njia nzima, alishindwa. "Mama," akasema, "hii imbwa yako inawika."

Mama alikuwa amekaa mahali pake pa mlangoni. Alimtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Ulibishana."

"Kidogo. Anataka kuku yenye inatagaka, na chumvi."

"Bei ya imbwa. Ulibishana bei ya imbwa." Hakuwa na hasira. Alilisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Kisha akaingia ndani, na nilisikia ule mfuko ukivutwa kutoka nyuma ya mlango. Usiku ule hakula.

Asubuhi, karibu na jiko, nilimkuta kuku wake, yule wa chini ya kitanda, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

"Beba huyu," mama akasema. "Anataga kila siku. Mwenye imbwa atamukubali."

"Mama, huyu ni yako."

"Nikirudi kwangu, nitamubeba namna gani?"

Sasa, kuku huyo alikuja Bunia akiwa mapajani mwa mama, njia nzima. Jinsi ya kumbeba aliijua. Nilimtazama mama, na yeye akageuka kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Na chumvi?" nikauliza.

"Weye ni muchuuzi. Matabisi unaijua."

Safari ya pili nilipanda pikipiki kwa bei ya kwanza, kwa kuuogopa mdomo wangu mwenyewe. Irumu nilimkabidhi yule mama kuku, akampapasa chini ya mkia kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaweka chumvi chini.

"Nilisema kilo moja," akasema.

"Moja ni ya imbwa. Moja ni matabisi yako."

Akaipima ile kilo ya pili kwa mkono. "Leo haubishane?"

"Leo nimefunga mudomo."

Alinipa yuleyule mwenye sikio la kulala. Aliniambia nimfunike macho njiani, asiione njia ya kurudi, nami nikamfunga ndani ya kikwembe cha mama nilichokuwa nimekuja nacho, nikamshika kifuani. Alilia kwa muda, kisha akanikojolea, kisha akalala. Sikumwambia neno lolote kuhusu tumbo lake.

Mama alimpokea kwa mikono miwili. Tulimchinja jogoo siku hiyohiyo. Nilisonga fufu kubwa, iliyosongeka, na mama akachovya tonge la kwanza katika mchuzi, akalipoza kwa kulipuliza, akampa mbwa kabla ya kula yeye mwenyewe. Sanduku la fundi lilikuwa tayari, lina paa na mlango. Mbwa alilinusa mara moja, akaingia ndani ya nyumba, akazunguka, akapanda juu ya mfuko wa mama na kulala. Mama hakumtoa.

Tangu siku ile mvua za kwanza zimekwisha. Sikio limeamka, kama nilivyoahidiwa. Anazijua hatua zangu tangu kona ya barabara. Lakini kila jioni mama huniuliza, "Imezoea?" nami husema, "Bado." Naye hujibu, "Naona. Juzi ilipotea mpaka ku choo." Tumekwenda hivyo, vizuri sana, kila mmoja akishika upande wake.

Mpaka jana. Mtu mmoja tusiyemfahamu aliegemea uzio, pale kwenye bati, na mbwa akamkimbilia akibweka kwa sauti ambayo hata mimi sikujua anayo. Mtu akaondoka. Fundi akatoa kichwa juu ya uzio, kifua mbele kana kwamba ndiye aliyembwekea. "Mama! Imbwa yenu imezoea kabisa! Hii sasa ni imbwa ya nyumba!"

Ningemrudishia pesa yote aliyonipunguzia ili anyamaze.

Mama aliutazama mfuko wake, ambao sasa una manyoya mengi kuliko mbwa mwenyewe na kamba moja iliyotafunwa. Jioni hakuniuliza swali lake. Nilimwekea fufu, tukala, na mimi nikasikia kila tonge likishuka.

Basi ninyi mliofuga kabla yangu, naomba mnisaidie. Mbwa anachukua muda gani kuzoea nyumba, kwa hesabu ya watu wanaojua? Kama ni mwaka, niambieni kwa sauti, mama akiwa karibu. Kama ni mvua moja tu, na kwake imeshapita, basi njooni mnieleze pembeni, kule sokoni kwenye meza yangu ya samaki, jinsi ya kumsahaulisha mbwa kidogo. Nitalipa bei ya kwanza.