Senti za Nassor na Ukwaju Wangu

Nikwambieni, mpaka leo nikiona ukwaju sokoni Matrah, hapa Maskati, uso unanishuka, na aibu yenyewe nilijitafutia kwa mikono yangu miwili, hakunituma mtu.

Tulikuwa ndo kwanza tumehamia Maskati kutoka Unguja, baada ya yale ya sitini na nne, na mume wangu Nassor (Mungu amrehemu) aliacha kule sanduku zima la sarafu za kale alizokusanya tangu ujana. Tangu hapo hacheki. Basi siku moja ami yake aliyetupokea huku akabomoa ukuta wa stoo, ukatoka mtungi umejaa senti za shaba za Kimarekani, za enzi zile merikebu zao zikileta vitambaa vya merikani na kuchukua tende, zina kichwa cha mwanamke nywele timtimu. Ami akampa zote. Nassor akacheka, wallahi, nilikuwa nishasahau kicheko chake kikoje.

Akawaalika wenzake wanaopenda mambo hayo, akiwamo mzee mmoja wa Kibaniani, mjuzi kuliko wote. Miye najua mgeni haonyeshwi kitu kichafu, na kwetu Unguja sinia la shaba husuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka ujione meno. Nassor kenda msikitini, nikasugua moja tu, ya kujaribu. Ikang'aa. Sasa zile nyengine zikaonekana kama zimepakwa masizi, nikasema haya, na hii, na hii, mpaka mtungi ukaisha na kucha zangu zikawa nyeusi. Nikazipanga juu ya kitambaa cheupe nilichodarizi mwenyewe, nikazifunika, nikajiona mke kweli kweli.

Wageni wakanywa kahawa, Nassor akafunua. Miye niko nyuma ya pazia nangoja sifa. Yule mzee akashika moja, akairudisha polepole, akaeleza kwa upole kuwa ile rangi ya kahawia ndiyo umri wa shaba, ukishaitoa basi sarafu umeiua. Kisha akauliza, "Nani kazisafisha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nassor akakitazama kile kitambaa, akajua.

"Mimi," akasema. "Nilijisahau."

Yeye, aliyekuwa akiwagombeza wenziwe kwa kufuta sarafu kwa kanzu! Wakamcheka miezi, wakimwita Dobi, na hakuwahi kuwaambia. Wageni walipoondoka nililia mpaka kwikwi, naye akaniambia, "Ziache, Salma. Rangi itarudi, tutazeeka nazo."

Imerudi. Ni za kahawia tena, nami nimezeeka, yeye ndiye hakusubiri. Juzi mke wa mwanangu kazikuta kabatini, akaniuliza kwa adabu zake zote kama azipitishie ndimu kidogo, zipendeze. Nikamwambia, "Mwanangu, ndimu ni ya samaki," nikalifunga kabati, na ufunguo nnalala nao.