Boga la Nekoye Lililonyimwa Mizani

Saa kumi na mbili asubuhi, na kengele ya shamba haijalia. Nje ya nyumba ya nyasi katika kambi ya vibarua, Kiplombe, Nekoye ameinama juu ya gunia la mahindi, anachota kwa kiganja.

Mbele yake kuna nguzo mbili zenye panda, na juu yake umelala mti mnene. Kwenye mti huo umening'inizwa mti mwingine, wa muwati, uliofungwa kamba katikati. Ncha moja imebeba boga lililolazwa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Ncha ya pili imebeba gunia lenye mahindi makavu.

Gunia linalemea. Nekoye anatoa konzi moja ya mahindi. Mti hautikisiki. Anatoa ya pili, ya tatu. Sasa mti unatulia sawasawa, na mumewe, Walubengo, anauachilia polepole kama mtu anayemwachilia mtoto anayejifunza kutembea.

"Limepungua tena," Nekoye anasema. "Boga likishakatwa linakauka tu, hata ulifunike blanketi vizuri kuliko unavyojifunika mwenyewe."

"Na blanketi ni langu," Walubengo anasema. "Mimi nalala na gunia."

Nekoye hacheki. Mama huyu hajacheka sana tangu mwezi wa tisa, siku aliyofukuzwa kwenye maonyesho ya wakulima mjini Eldoret kabla boga lake halijapanda mizani. Siku ile lilikuwa sawa na debe tano za mahindi. Boga lililopewa ushindi lilikuwa na ratili mia moja arobaini na tatu, ambazo kwa hesabu za madebe ni debe nne, hata hazijai vizuri.

Leo boga la Nekoye ni debe nne na nusu. Amebakiwa na majuma matatu. Likishuka chini ya debe nne kabla ya Jumapili ya mavuno, hataweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba lilikuwa zito kuliko lile. Watasema alijisifu. Hilo ndilo linalomwamsha kabla ya kengele.

Nekoye alifika Uasin Gishu akiwa msichana, akifuata wazazi wake kutoka Kimilili waliokuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Alianza kwa kufukuza ndege kwenye ngano. Sasa anachuma pareto. Akimaliza tikiti ya kazi ya siku thelathini hupata shilingi kumi na mbili, na mvua ikinyesha siku haihesabiwi, kana kwamba yeye ndiye aliyeileta.

Ana kijishamba nyuma ya zizi, mahali ambapo hata trekta la bwana lilikataa kulima kwa sababu ya mawe. Hapo ndipo anapopanda maboga. Anajaza samadi kwenye shimo linalofika magotini, anaacha tunda moja tu kwenye mtambaa mmoja, mengine anayapika yakiwa machanga.

"Watu wanataka maboga kumi," anasema. "Mimi nataka moja. Uchoyo wangu uko hapo tu."

Kupima kulianza kama mchezo wa majirani. Jioni za Jumapili wanawake wa kambi walikuwa wakibishana boga la nani ni zito zaidi, na ubishi wa wanawake wa Kiplombe, anayeujua anajua, haumalizwi kwa maneno. Walubengo, ambaye hubeba magunia kwenye ghala la mahindi karibu na stesheni, alitengeneza mizani ile ya muwati ili apate usingizi.

Jirani yao Jelagat alishindwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu alipoliona boga la Nekoye alilizunguka, akashika kiuno.

"Mama Wangila, hii boga iko na mimba?"

"Ya mapacha," Nekoye akamjibu. "Lete kitoweo, usilete macho."

Ni Jelagat huyohuyo aliyeleta habari kwamba mwaka huu wa 1953 shindano la boga zito liko wazi kwa wote, Mzungu na Mwafrika, mizani moja. Zawadi: jembe la kukokotwa na ng'ombe. Walubengo akaazima mkokoteni wa bwana wa shamba. Nekoye akavaa gauni la kanisani.

Kabla ya kueleza yaliyotokea, msomaji asiyetoka kwa akina Nekoye ajue jambo moja. Kwao boga halinyooshewi kidole. Mtoto akilinyooshea kidole, wazee husema litaoza kuanzia kitovuni na kudondoka. Kwa hiyo mtoto hufundishwa mapema: ukitaka kumwonyesha mtu boga, kunja mkono wako, umwonyeshe kwa ngumi. Wengine hucheka jambo hili. Nekoye hacheki, na mkono wake haungoji ruhusa ya kichwa.

Maboga yote yalipangwa kwenye nyasi kavu, mbele ya mizani ya chuma. Msimamizi wa mizani alikuwa mkulima wa ngano, Mzungu mrefu mwenye kofia pana. Kando yake alikaa karani Shitanda, kijana aliyezaliwa Kimilili, akiwaita washindani mmoja mmoja.

Ilipofika zamu ya Nekoye, msimamizi akauliza kwa Kiswahili chao kile cha shambani, "Wewe bibi, boga yako iko wapi?"

Nekoye akanyoosha mkono, ngumi imefungwa, kuelekea boga lake. Bahati mbaya ni kwamba boga lilikuwa nyuma ya msimamizi, na msimamizi alikuwa katikati.

"Alirudi nyuma hivi," Nekoye anasema, akionyesha. "Uso ukawa mwekundu kama nyanya. Akasema, 'Kwa nini wewe naonyesha mimi ngumi?' Mimi nikasema, 'Bwana, ninaonyesha boga.' Nikaonyesha tena. Sasa mara ya pili ndiyo mbaya zaidi!"

Hapo msimamizi akamgeukia karani. "Huyu bibi nataka nini?"

Shitanda alikuwa na nafasi ya kusema maneno manne. Mwanamke huyu anaonyesha boga. Mtoto wa Kimilili, aliyechapwa na mama yake kwa kosa la kidole hichohicho, alitazama viatu vyake.

"Viatu vizuri, sikatai," Nekoye anasema. "Lakini havikuwa vimeulizwa."

Nekoye alishikwa mkono na askari, akatolewa nje ya uwanja mbele ya watu wa kanisani kwake. Boga lake halikupimwa. Lilisukumwa pembeni, na wengine wakaendelea kupimiwa. Siku hizi za Hali ya Hatari, serikali inaposaka waasi, mwanamke Mwafrika akikunja mkono ni habari ya polisi. Mwanamume Mzungu akimfokea mama wa watoto watano hadharani, ni utaratibu wa maonyesho.

Utaratibu ndilo neno alilotumia msimamizi mwenyewe alipotafutwa kujieleza. "Maonyesho iko na utaratibu," alisema, akapandisha kioo cha gari. Hakueleza ni utaratibu gani unaopima tabia ya mwenye boga kwanza na boga baadaye. Shindano lilitangazwa kuwa wazi kwa wote. Labda waliotangaza walisahau kwamba wote wana mikono.

Shitanda alipatikana kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni. Hakukana.

"Nilijua anaonyesha boga," alisema. "Hata mimi ningeonyesha hivyo hivyo."

Kwa nini basi hakusema?

"Ningesema, bwana angeniuliza niko upande gani. Swali hilo siku hizi linakuja na lori, na lori linarudi na watu. Mimi niko na watoto." Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mwambie Mama anisamehe."

Ujumbe ulifikishwa. Nekoye aliusikiliza hadi mwisho huku akifunga mzigo wa kuni.

"Mimi pia niko na watoto," akasema. "Waliniona nikiburutwa. Mwambie Shitanda msamaha wangu anaujua uliko. Uko mahali alipokaa kimya. Aende hapo hapo aseme."

Hasira yake haina kelele. Bwana wa shamba, baada ya kusikia habari za maonyesho, amemwambia mkokoteni hautatoka tena kwa ajili ya "maboga ya fujo". Nekoye aliitikia, "Ndiyo, bwana," akaenda kuchuma pareto. Jioni alikata mti mwingine wa muwati, ulionyooka zaidi, na Walubengo akauchonga.

Mti huo ni wa Jumapili ya mavuno. Mkutano wa watu wengi siku hizi unahitaji kibali cha Bwana D.O., afisa wa wilaya, na kibali cha kupima maboga hakuna aliyethubutu kukiomba. Lakini ibada ya mavuno haiombewi kibali. Kila mwaka waumini huleta mazao yao mbele ya kanisa dogo la Kiplombe, na Walubengo ndiye aliyegundua kwamba hakuna mahali Maandiko yanapokataza sadaka kupimwa.

Katekista amekubali. Mizani itasimamishwa uani, ibada ikiisha. Yeyote aliye na boga alilete, wa kambi, wa Soy, wa Burnt Forest, awe na jina lolote. Upande wa pili wa mti yatawekwa mahindi, debe kwa debe, watu wote wakitazama. Boga la Nekoye litabebwa na wanawake wanne kwa ngozi ya ng'ombe, Jelagat akiwa mmoja wao.

"Nimelizungumzia vibaya vya kutosha," Jelagat anasema. "Acha nilibebe."

Shitanda naye amealikwa. Atakaa karibu na mizani na kutangaza matokeo kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kabla ya hapo ataeleza alichokiona siku ya maonyesho. Alisema atafikiria. Nekoye akamtumia jibu kwamba afikirie haraka, boga linakauka.

Mwaliko mmoja zaidi umetoka, na huu umewashangaza hata wa nyumbani. Nekoye amemtumia salamu, kupitia kwa mpishi wake, yule memsahib, bibi wa Kizungu wa shamba jirani, ambaye boga lake lilishinda. Memsahib huyo ndiye aliyelizunguka boga la Nekoye mara mbili siku ile, akaondoka bila neno. Mpishi anasema aliupokea ujumbe, akacheka, kisha akauliza kanisa liko upande gani.

Kengele ya shamba inalia. Nekoye anajifunga leso kiunoni, na Walubengo analirudisha boga chini ya blanketi lake.

"Mama Wangila," Jelagat anaita akipita na kikapu cha pareto, "na huyo memsahib akija kwa kiburi?"

"Aje nacho," Nekoye anasema, tayari akiwa njiani. "Lake tutalipima."