Mwezi wa Wazazi na Uzio wa Mathenge

Maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi yana harufu inayong'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa, na mwezi ule sare zetu zote za chekechea zilinukia hivyo. Nilikuwa na miaka sita. Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo na bati, katika kijiji cha wakulima kando ya mto Tana, upande wa chini wa Garsen, na iliwapokea pia watoto wa wafugaji wa Kiorma waliokaa ng'ambo ya barabara. Mwalimu wetu, Zipora, mwenyeji wa Ngao, alikuwa amerudi kutoka semina na jambo jipya kichwani: mtoto hujifunza haraka jamaa zake wakiingia darasani. Basi akatangaza mwezi wa wazazi, kila wiki na kazi yake. Wiki ya kwanza ilikuwa ya akina mama na uji. Mama yangu alileta unga wa mahindi, na mama yake Dhahabo, rafiki yangu, akaleta maziwa. Mama alidai maziwa mengi yatatulaza usingizi. Mama Dhahabo alichungulia sufuria akasema, "Hii si uji, dada. Hii ni maji ya kuosha sufuria." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ninalisema hili kwa sababu watu waliokuja baadaye kuandika ripoti kutuhusu walizungumza kana kwamba tulizaliwa tukichukiana.

Wiki ya pili ilikuwa ya kutambulishana. Kila mtoto alimchagua mwenzake, akaenda kwao, akajua majina ya wazazi wake na kazi zao, kisha akaja kuyasema mbele ya darasa. Mwalimu alitufundisha utaratibu wake: unasimama wima, unapiga makofi mara tatu, unamshika mwenzako bega, unasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, na darasa zima linajibu kwa makofi matatu. Tulirudia kila asubuhi. Mwalimu alisisitiza kwamba mtu mzima akikuuliza swali hujifichi nyuma ya mwenzako, unasimama na kumjibu. Mimi nilikuwa na kiherehere cha ajabu, na kazi hiyo ilinifaa kama viatu vipya. Nilimchagua Dhahabo. Nilikwenda kwao nikanyweshwa maziwa, nikamwona baba yake, Guyo, mrefu, mkimya, akimkwangua ndama kupe kwa kisu. Niliporudi darasani nilisema yote bila kukwama, na Mwalimu akawaambia wenzangu wanitazame mimi. Nilivimba kichwa siku nzima.

Wiki ya tatu ikawa ya akina baba, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku yenyewe ilikuwa ya furaha. Mwalimu aliomba uzio, maana ng'ombe walikuwa wakipita karibu mno na uwanja wetu na mtoto mmoja alishawahi kukanyagwa mguu. Baba yangu na wenzake walikuja na mapanga, wakafyeka mathenge, ule mti wa miiba uliovamia mashamba yetu, ambao ukikuchoma mguu unavimba wiki nzima. Akina baba wa upande wa pili hawakuwepo. Wiki hiyo ukame ulikuwa umewapeleka mbali, wao pamoja na mifugo yao, na hakuna aliyeona haja ya kuwasubiri. Basi wakulima wakauzungusha uzio peke yao, na ili uwanja uwe mkubwa wakauvusha juu ya malka. Malka ni njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni kunywa. Haikuwa imeandikwa kwenye karatasi yoyote, lakini hata sisi watoto tuliijua. Mzee mmoja aliuliza ng'ombe wa Guyo watapita wapi. Baba mdogo Komora, ndugu yake Baba, alijibu, "Wataruka." Wanaume wote wakacheka. Baba alicheka pia, kisha akasema watoto kwanza, ng'ombe baadaye. Nilimwonea fahari. Ninaandika haya nikiwa bado namkasirikia, ingawa ameshazikwa.

Ng'ombe walirudi katikati ya wiki ya nne, mchana, tukiwa darasani tunapaka rangi kadi za kuwapa wazazi siku ya kufunga mwezi. Tulisikia kwanza kwato, halafu mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Ng'ombe mwenye kiu ya siku tatu akishanusa mto hazuiliki. Wale wa mbele waliingia kwenye miiba kwa vifua, na wa nyuma wakawasukuma. Kupitia dirishani nilimwona mmoja jicho limechanika, linaning'inia. Guyo alikuja mbio akaanza kukata uzio kwa panga, akipiga kelele, "Ng'ombe yangu inakufa na kiu! Nani amefunga njia?" Uzio ulipofunguka kundi lote lilimwagika uwanjani, likavunja meko ya uji, likaingia shambani kwa Baba kwenye mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Yowe likapigwa. Wanaume wakatoka kila upande kana kwamba walikuwa wamekaa tayari. Komora alimkata ng'ombe mishipa ya miguu ya nyuma, na ng'ombe akaketi chini, akilia, akijaribu kuinuka na kushindwa. Guyo alirusha mkuki. Sijui alimlenga nani. Ulimpata Baba pajani, ukatokea upande wa pili, na Baba akaanguka kwenye mahindi yake. Vijana wa kifugaji walimzunguka Guyo wakarudi naye nyuma kuelekea mtoni, na wakulima wakashindwa kumfikia.

Kwa kuwa hakumfikia Guyo, Komora aligeukia shule. Aliingia darasani na panga lililolowa damu ya ng'ombe, shati limechanika, miguu imejaa matope mpaka magotini. Nilimpenda Komora. Ndiye aliyenifundisha kuogelea. Aliuliza, "Mtoto wa Guyo ni yupi?" Tulikuwa watoto thelathini hivi, wote tumevaa sare moja. Mwalimu Zipora alisema, "Hapa hakuna mtoto wa Guyo. Hapa kuna watoto wangu." Komora akauliza tena, na safari hii alinitazama mimi. Nikasimama wima. Nikapiga makofi matatu. Nikamshika Dhahabo bega, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Mwenzangu ni Dhahabo. Baba yake ni Guyo. Baba yake anafuga ng'ombe." Na darasa zima, kwa mazoea, likajibu kwa makofi matatu.

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama nilijua nilichokuwa nikifanya. Namkumbuka Mwalimu akijitupa juu ya Dhahabo. Panga lilishuka na Mwalimu akainua mkono wa kushoto, na vidole viwili vikaanguka kwenye mkeka karibu na goti langu, juu ya kadi ambayo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Komora akampiga Mwalimu tena, begani. Alipoinua panga mara ya tatu Mwalimu alimwambia, bila kupandisha sauti, "Komora, toka darasani kwangu. Una matope." Komora alitazama miguu yake. Alitazama alama za nyayo alizoacha sakafuni. Kisha akatoka, na mlangoni akainama kidogo, kama mzazi aliyechelewa mkutanoni.

Mwalimu alijifunga mkono kwa leso, akatuamuru tulale kifudifudi, akaketi ameegemeza mgongo mlangoni. Nje walikatana mpaka alasiri. Tulisikia wanaume tuliowajua wakiwaita mama zao. Moshi uliingia kwanza kutoka upande wa nyumba zetu, na baadaye kidogo kutoka upande wa akina Dhahabo. Na muda huo wote Dhahabo alikuwa amenishika mkono. Alikuwa amejikojolea, na hakuniachia hata mara moja. Sijui kama hakuelewa, au alielewa na hakuwa na mkono mwingine wa kushika. Askari walipofika, mama yake aliingia, akambeba mgongoni, akaenda. Guyo walimkuta ukingoni mwa mto, amekatwa shingo. Watu tisa nilihesabu wakipitishwa wamefunikwa, kisha Mama akanifumba macho. Nilisikia baadaye kwamba Dhahabo na mama yake walihamia kwa jamaa zao upande wa Nanighi. Sijamwona tena.

Baba alipona akabaki kuchechemea. Komora alifungwa, akarudi mpole, mtu wa kanisa, na nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile. Nikijaribu kulisema, Mama alinikata kauli: nilikuwa mtoto, yaishe. Hayakuisha. Nilipokuwa mtu mzima nilipanda bodaboda hadi Ngao kumtafuta Mwalimu Zipora. Hakuwa amefundisha tena tangu mwaka ule. Nilimkuta anapepeta mchele, ungo ameubana kwa mkono wenye vidole vitatu. Nililia kabla ya kukaa, nikamwomba msamaha. Alipepeta kidogo, akasema, "Wewe uliulizwa, ukajibu. Aliyekufundisha kujibu ni mimi." Nilikwenda nikitaka kutua mzigo, nikakuta mwenzangu kaubeba miaka yote hiyo bila kuniambia.

Sasa nakaa Garsen mjini na nina binti wa miaka mitano. Shule yao ina madawati, ina tangi la maji, na watoto wa pande zote mbili wanaketi wamechanganyika, wakigombana kwa Kiswahili chenye Sheng ambacho mimi sikielewi nusu yake. Watu wanasema tumestaarabika, na huenda ni kweli. Juzi mwalimu wake, msichana mchangamfu aliyetoka chuoni juzijuzi, alinipigia simu. Alisema mwanangu ana rafiki mmoja ambaye hula naye, hucheza naye, na hulala naye kwenye mkeka mmoja mchana, lakini akiulizwa rafiki huyo ni nani na ni mtoto wa nani, anamtazama mwalimu usoni na kusema hamjui. Ameulizwa zaidi ya mara kumi. "Ni kama amefunzwa, mama," alisema, akicheka. Nilimwambia ndiyo, nimemfunza mimi. Akaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimesimama sokoni, watu wananipita na mikungu ya ndizi, na jibu lote lilikuwa mdomoni. Nilifurahi kwamba mwanangu amelishika somo vizuri, na nikaona haya kwa kufurahi. Nilimwambia amsamehe, mtoto ni mwenye aibu, atazoea.