Fundi Zahor na bastola ya mkono wa kushoto

Jua la asubuhi limeshaingia karakanani, katika kichochoro cha nyuma ya maduka ya mtaa wa Ruwi mjini Muscat, Oman, na Zahor anasugua kipande cha mti wa mkunazi kwa msasa. Anasugua, anapuliza vumbi, anakifumbata kwa mkono wa kushoto, anatikisa kichwa, anasugua tena. Kipande hicho ni mpini wa bastola.

"Mie natumia mkono wa kulia," anasema akicheka. "Lakini mwenye bastola ni wa kushoto sasa, basi na mie niwe wa kushoto mpaka kazi ishe."

Zahor, mwenye umri wa miaka 56, ni fundi wa silaha mwenye kibali. Alizaliwa Wete, Pemba, akaja Muscat na wazazi wake akiwa kijana, na ufundi akajifunza katika karakana ya jeshi. Aliacha kazi huko mwaka 1994 akafungua karakana yake mwenyewe. Wateja wengi humletea bunduki za mababu, zile zinazobebwa harusini.

Bastola iliyo mbele yake leo ni kazi ya aina nyingine. Ni rivolva kuukuu ya Saeed, askari polisi mstaafu wa mtaa wa Hail, aliyeibeba kiunoni miaka yote ya utumishi wake na kuruhusiwa kubaki nayo. Mwaka juzi Saeed alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Akaacha kwenda uwanja wa shabaha na wenzake wa zamani. Baadaye akaacha kutoka nyumbani kabisa.

Aliyempeleka kwa Zahor ni mkewe, Kheiria.

"N'likuwa n'shachoka kumuona anatazama ukuta," anasema Kheiria. "N'kamwambia, baba Hind, vaa kanzu, twende kwa fundi."

Zahor alikataa kuigeuza bastola iwe ya mkono wa kushoto. Hakutaka kumpa silaha mtu ambaye mkono wake haujui kuizuia. Badala yake alichonga bastola ya mti, yenye uzito kama ile ya kweli, akampa. "Kaa nayo nyumbani," alimwambia. "Mkono wa kushoto ukishaizoea, rudi."

Saeed alirudi baada ya miezi minne, mkono umetulia. Zahor akamshikisha donge la udongo laini, likabaki na alama za vidole vyake, na kwa alama hizo akaanza kuchonga mpini. Akarefusha pia komeo la kufungulia silinda ya risasi, ambalo lilitengenezwa kwa dole gumba la kulia, ili kidole cha kushoto kilifikie.

Ugomvi ulizuka kwenye triga. Saeed aliitaka iwe nyepesi sana, iguswe tu risasi itoke.

"N'takulainishia isikwaruze," Zahor alimjibu. "Lakini nyepesi hivyo, sitaki."

"Bastola yangu, Zahor!"

"Yako, bwana Saeed. Lakini ikifyatuka bila wewe kutaka, n'tamwambia nini Kheiria?"

Saeed aliondoka kwa hasira. Wiki kadhaa hakupiga simu. Zahor anakiri kwamba alikuwa akiamka usiku kuiwaza, lakini bastola aliiacha kabatini kama ilivyo.

"Alinitia hasira, wallahi," anasema Saeed, ambaye leo amekuja kuichukua. "Halafu n'kafikiri: n'kiwa kazini, askari wangu akiniomba kitu kama hicho, mie ningemkubalia? Nisingemkubalia. N'karudi."

Mpini unafungwa. Saeed anaishika bastola, tupu, mtutu ukielekea kwenye mfuko wa mchanga. Anavuta triga polepole. Inakuja laini, nzito kiasi, mpaka mlio mkavu unasikika. Kheiria, aliyesimama mlangoni, anageuka kutazama nje.

Alhamisi wanakwenda wote uwanja wa shabaha. Risasi ya kwanza inachimba mchanga, ya pili vilevile. Ya tatu inatoboa ukingo wa karatasi, na wazee waliokuwa askari pamoja naye wanapiga kelele kama watoto. Saeed anacheka mpaka anaomba kiti.

"Hata robo ya shabaha yangu ya zamani si hii," anasema akijifuta macho. "Lakini nipo hapa na wenzangu."

Zahor naye anaonekana ameridhika, ingawa mawazo yake yako kwingine. Siku alipoliona lile donge la udongo, Kheiria alimuuliza kama anaweza kumchongea mumewe mpini wa kijiko kwa namna ile ile. Alimchongea. Jirani yao akataka wa wembe. Mama mmoja wa kijiji cha Qantab, ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, akataka wa kisu cha kuparia samaki.

Sasa Zahor ameomba kukodi chumba kilicho kitupu karibu na karakana yake, achongee humo mipini ya aina hiyo, na bintiye Nadra, aliyesomea ufundi chuoni, amekubali kufanya naye kazi.

"Nnataka watu wenye mikono kama ya hawa waje kwa miguu yao, bila kuogopa," anasema Zahor. "Chumba kile silaha haitoingia. Hata ya Saeed, ataiacha nje."