Paccia na Barabara ya Kinamasini

Numerius Stallius alikuwa mnyapara wa mafundi mawe kwenye barabara inayoshuka kwenda mji wa Beneventum, huku kwetu Italia, na kazi yake bado inaonekana. Mikokoteni ya ngano imepita juu ya mawe yake kwa miaka arobaini, na hadi leo huwezi kupenyeza ncha ya kisu kati ya jiwe na jiwe.

Barabara ya zamani ilipindapinda ubavuni mwa kilima. Mpya ilikata kinamasi katikati, moja kwa moja. Stallius alikita nguzo za mwaloni kwenye tope, akalaza matita ya matawi, kisha mawe makubwa, kisha kokoto na chokaa, akishindilia kila tabaka mpaka likatae kubonyea. Juu aliipa mgongo ili maji yakimbilie mitaroni. Jiwe lililocheza chini ya kisigino chake aliling'oa, hata kama aliyelipanga alikuwa rafiki yake.

Lakini kila jiwe alilolaza lilimpunguzia mkewe wapita njia.

Paccia alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Maisha yake yote aliuza mikate ya shayiri kando ya barabara ya zamani, na alichokitaka zaidi ni habari. Hakuna mwendesha nyumbu aliyeondoka pale kabla ya kusema ametoka wapi na nani kaoa. Kwa hiyo Stallius alimzika penye kona, mikokoteni inapopunguza mwendo, akamchongeshea jiwe la maandishi. Kwetu msafiri husoma kaburi kwa sauti, na marehemu hupata pumzi kila jina lake linapotajwa. Barabara mpya ikifunguliwa, watakaopita penye kona ile ni mbuzi.

Alikwenda kwa makuhani kuomba ahamishe mifupa. Walimkatalia: aliyelazwa haamshwi.

"Mnyapara, wewe mume wa ajabu," Trebio, mponda kokoto, alimtania wakinywa divai chachu mchana. "Wenzako huwanyamazisha wake zao wakiwa hai. Wewe umengoja afe."

"Ponda kokoto, Trebio. Hizo zako kubwa kama kichwa chako, na hazina kazi vilevile."

Maneno hayo yalimfikia Vettenius, mpimaji. Alimwita Stallius penye msalaba wake wa timazi, chombo cha kunyooshea mstari wa barabara.

"Naweza kuupinda mstari kidogo, ukaguse ile kona ya mkeo. Nitasema huku chini ni laini mno."

Stallius alizitazama fito za kupimia, zimesimama mstari mmoja hadi mwisho wa kinamasi. Alitamani kuitikia.

"Si laini, bwana. Nimekita mwenyewe. Na ukiipeleka kilimani, maji yote ya mvua yatatushukia."

"Unakataa?"

"Barabara ikipinda bila sababu, kila mwenye nyumbu atauliza ni mjinga gani aliyeijenga. Paccia atawasikia."

Vettenius alikunja kamba yake taratibu. "Haya. Na hao nyumbu watakunywa nini? Maji ya humu yanawaharisha."

"Kuna chemchemi kilimani."

"Iko mbali na mkeo?"

Stallius alikuna kidevu. "Anaisikia ikitiririka."

"Basi tunahitaji njia ya kwenda majini. Iwe ya mawe. Sitaki nyumbu wateleze."

Njia hiyo, iliyopita penye kaburi, Stallius aliitandaza kwa mikono yake. Trebio alimletea kokoto ndogo bila kuagizwa.

Barabara ilipofunguliwa, mwendesha nyumbu mmoja alipanda kuwanywesha wanyama wake. Stallius alikuwa amechuchumaa, akigongea jiwe la ukingoni. Hakuwahi kujifunza kusoma, ila maneno ya kaburi lile aliyajua kwa moyo. Mgeni alifuata herufi kwa kidole, akikwamakwama.

"Mimi... Paccia, mke wa Stallius. Wewe upitaye, nipe habari."

Akavua kofia, akageuka huku na huku kama mtu aliyeulizwa swali na mwenyeji. Stallius hakuinua kichwa.

"Haya, mama," yule mtu akasema. "Natoka Capua. Mafuta ya mwaka huu mazuri. Binti wa dada yangu kaolewa na mwashi, mpole tu, ila anakoroma, na siku ya harusi mama mkwe..."

Nyumbu walishiba, wakaanza kula majani. Yeye alikuwa bado harusini.