Kaniki ya Valeria

Valeria alizaliwa Malinyi, akaolewa kijiji cha Mbingu na Nazari, mvuvi aliyekuwa na shamba zuri la mpunga bondeni. Nazari alipofariki mwaka 1994, Valeria alifungwa kaniki begani na kuambiwa ataivaa mwaka mmoja. Aliivaa mitatu.

Aliyemchelewesha ni shemeji yake, Apolinari. Katika ukoo ule mjane havui nguo nyeusi mwenyewe. Ndugu wa kiume wa marehemu ndiye huitoa begani mwake mbele ya watu, na msiba ukaisha. Mpaka siku hiyo halimi shamba la mumewe wala hauzi mpunga wake, shemeji humtunzia. Apolinari alitunza kwa bidii. Mwaka wa kwanza alisema mvua zimezidi, ndugu hawatafika. Mwaka wa pili akasema mvua zimepungua, pombe ya shughuli itatoka wapi. Wakati huo nyumba yake ilikuwa imeshaezekwa bati, na tumbo lake lilianza kumtangulia mlangoni.

Ndipo Birgit akashuka kwenye treni. Alikuwa mtalii wa Kizungu aliyesoma kitabu kimoja kuhusu Afrika na kukiamini chote. Wenzake waliendelea na safari ya Mbeya. Yeye alitaka kijiji ambacho wazungu hawajakiharibu, akaja kuanza kazi hiyo mwenyewe. Apolinari alimpokea begi, akampa chumba kwake, akamtambulisha kila mahali kama "mgeni wangu", hata kwa watu waliomwona akishuka.

Asubuhi Birgit, Apolinari akiwa nyuma yake, aliwakuta wanawake wakitwanga mpunga uani. Walivaa khanga na vitenge. Akawapita. Alisema nguo hizo ni za viwandani, yeye anataka vazi la asili. Akasimama mbele ya Valeria na kaniki yake iliyopauka. Kaniki nayo ni ya kiwandani, lakini hakuna aliyejisumbua kumwambia.

"Hii nzuri sana," alisema kwa Kiswahili cha kitabuni. "Ninaomba kuivaa. Kwa picha."

Michi ikasimama. Bernadeta, dada wa marehemu, akamgeukia Apolinari. "Kaka, mwambie mgeni wako hiyo ni nguo gani."

"Mgeni hanyimwi," Apolinari akasema. "Valeria, mpe. Ni mara moja tu."

"Siwezi kuivua, shemeji. Unajua nani anaivua."

"Mambo gani hayo mbele ya mgeni? Unataka atuone washamba?"

"Sijakataa. Mimi nimekaa hapa."

Birgit alikuwa ameshatoa kamera, anatabasamu na kutikisa kichwa kama anayesikiliza ngoma. Apolinari akatazama kamera, akatazama kaniki. Hakupata nafasi ya kufikiri, kazi ambayo hata akipewa nafasi ilimshinda. Akafungua fundo begani mwa Valeria, akaivuta nguo yote, Valeria akabaki na gauni lake kuukuu, na kaniki akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

Bernadeta akapiga kigelegele. Wenzake wakamfuata. Birgit, kaniki ameifunga vibaya juu ya suruali, akadhani vigelegele ni vyake. Akainama kushukuru.

"Mnashangilia nini?" Apolinari akauliza.

"Msiba wa Nazari umeisha. Umeitoa kwa mkono wako, kaka, na watu tumeona."

"Nimemwazima tu. Ndugu hawajaja. Pombe haijapikwa."

"Ndugu ni mimi. Pombe utaipika, mpunga wa kaka si umeula wewe?"

Valeria alikuwa bado amekaa. "Shemeji, ukitaka, mwambie airudishe unifunge tena," alisema taratibu. "Ila watu watauliza safari hii kafa nani."

Birgit alikuwa anamwita Apolinari wapige picha pamoja. Akaenda kusimama pale. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Birgit aliiomba kaniki iwe kumbukumbu, na hakuna aliyeidai. Alipanda nayo treni Jumamosi, ameitupia begani, mjane wa mtu asiyemjua hata jina. Apolinari alimbebea begi hadi stesheni.

Valeria hakwenda kumsindikiza. Alikuwa bondeni, amejifunga khanga nyekundu ya Bernadeta, anang'oa vijiti vya mpaka ambavyo shemeji yake alikuwa amevichomeka katikati ya shamba.